Kipupwe kimefika: bata mdogo asilale na wakubwa

Ujumbe wa wasomaji wiki hizi karibu wote ni mmoja. Unatoka Bahi, Chamwino, Kongwa, hadi Manyoni kule Singida, na kisa ni kilekile. Bata mdogo wa mwezi mmoja na nusu au miwili anakutwa asubuhi amejibanza kwenye kona ya banda. Mgongo umenyonyoka, shingo ina damu iliyoganda, na chakula hataki. Siku mbili baadaye anakufa, na mfugaji ananiuliza angempa dawa gani ya baridi.

Dawa ya baridi haipo. Na baridi peke yake haikumuua bata huyo. Ameuawa na wenzake, nao walipata nafasi kwa sababu mtu aliwafungia wote banda moja, wakubwa kwa wadogo, usiku wa Julai. Nalisema hili wazi kwa sababu kila mwaka ikifika Juni makosa yanarudi yaleyale, na hakuna hata moja linalohitaji fedha kulirekebisha.

Hali yetu mnaijua. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti mchana unapata nyuzi joto 26 au 27, lakini alfajiri inashuka hadi 13 hivi, na asubuhi nyingine chini ya hapo. Juu ya hilo kuna upepo wa mashariki ambao katika nchi yetu ya tambarare hauna cha kuuzuia. Bata mzima, mwenye manyoya kamili na tumbo lililoshiba, anaipita hali hiyo bila taabu. Mdogo haiwezi. Bata wengi wa kienyeji tulionao ni wale wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni nchi za joto za Amerika ya Kati na ya Kusini. Vifaranga wao huchelewa kuota manyoya. Wengi hukamilika wakifika wiki ya 10, hata ya 12. Kabla ya hapo manyoya yanayochipua mgongoni na mabawani yana damu ndani ya bua. Yakidonolewa yanavuja, na bata wengine wakiona damu hawaachi tena.

Sasa tazameni usiku ulivyo ndani ya banda. Bata hawa wana kucha kali na hupenda kulala wamepanda juu ya gogo au ubao. Wakubwa wanapanda. Mdogo hafiki, anabaki chini kwenye udongo wenye unyevu. Akitafuta joto anawasogelea wakubwa walio chini, anadonolewa. Anarudi nyuma hadi ukutani, palepale upepo unapopenya. Akisogea tena anakanyagwa na kuchanwa mgongo kwa kucha. Ikifika saa kumi alfajiri amelowa, ana jeraha, hajala tangu jana mchana. Kelele hamzisikii, maana bata wa aina hii hawapigi kelele kama wale wengine, mlio wao ni wa chinichini. Ndiyo maana mfugaji anakuja kugundua akiwa amechelewa.

Kosa kubwa ninalolikuta mara kwa mara ni hili: bata ananunuliwa mnadani au sokoni, anafika nyumbani jioni, anatupwa bandani saa ya kufunga mlango. Mfugaji anaamini kwamba gizani hawatamtambua na kukicha watakuwa wamezoeana. Kuku wakubwa kwa wakubwa huenda ikawezekana. Bata mdogo mgeni ndani ya banda dogo lililofungwa hana pa kukimbilia, na usiku wa sasa ni mrefu.

Na wachuuzi wanalijua hilo, lakini halimo kwenye hesabu yao. Wao wanakusanya kijiji hadi kijiji, wanachanganya wa wiki tano na wa miezi mitatu ndani ya tenga moja, na ukiuliza umri unajibiwa kwamba wote wana miezi miwili. Usipokee jibu hilo. Mshike bata, fungua bawa lake: ukiona mabua yenye rangi ya bluu au nyeusi kwa ndani, bado anaota. Papasa shingo na mgongo: ukikuta manyoya laini ya utotoni, huyo ni kifaranga, hata awe na mwili mkubwa. Pitisha vidole kwenye kidari: ukikuta mfupa umechongoka kama kisu, amekaa na njaa siku nyingi. Nane Nane inakaribia, na kule Nzuguni na njiani mtauziwa wengi. Kagueni kwanza, fedha itoke baadaye.

Anayetoka mnadani akae mbali na mifugo yako yote siku 14. Bata anaweza kubeba virusi vya mdondo asionyeshe dalili yoyote, akawaachia kuku wako. Kama kuku wako hawajachanjwa kwa ile chanjo ya matone ya jicho ndani ya miezi mitatu iliyopita, chanjeni kabla mgeni hajakaribia.

Baada ya hapo, au kama anayeonewa ni wa kwako mwenyewe uliyemtotoa, fanya hivi.

Mtenge ndani ya banda lilelile. Chukua wavu wa kuku au fito, ziba kona moja isiyopigwa na upepo, kiasi cha mita moja kwa mita moja. Wakubwa wamwone, naye awaone, ila mdomo usimfikie. Wafugaji wengi wenye huruma humchukua bata usiku wakamlaza jikoni kwenye joto, asubuhi wakamrudisha kundini. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Kila asubuhi anarudi akiwa mgeni upya na anapigwa upya, na mwili wake unatoka kwenye joto la jikoni kuingia kwenye upepo wa saa moja asubuhi. Wavu unamlinda na wakati huohuo unamwacha kuwa mmoja wa kundi.

Usimtenge peke yake. Bata akiwa mmoja anahangaika, anaacha kula, na hana wa kupeana naye joto. Mpe mwenzake wa ukubwa wake, yule aliye mpole. Usimwekee kuku. Mdomo wa kuku umechongoka, na bata hulowesha sakafu hadi kuku naye anaugua.

Kama mchokozi ni mmoja na mnamfahamu, mfungieni yeye. Mwondoe siku tatu au nne, akae asipoonana na kundi. Akirudi ataanza kutafuta nafasi yake upya, na mara nyingi ukali unapungua. Watu wanamfungia anayepigwa na kumwacha huru anayepiga, kisha wanashangaa wiki inayofuata anapigwa mwingine.

Jeraha lioshwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, likauke, lipakwe GV. Rangi ile ya zambarau inasaidia mara mbili: inazuia vijidudu na inaficha wekundu wa damu machoni pa wenzake. Asirudi hadi ngozi iwe imekauka. Mchana wetu bado una inzi, kwa hiyo kagua jeraha kila siku, na ukiona funza au shimo refu mwite ofisa mifugo wa kata.

Sakafu iwe kavu. Bahi kuna makapi ya mpunga ya kutosha, mafundi seremala wana maranda, na wengine mna majani makavu. Tandaza unene wa upana wa kiganja, na kila jioni ongeza makavu juu ya yaliyolowa. Upande wa mashariki ziba kwa salfeti kuanzia chini hadi usawa wa goti lako, na juu karibu na paa acha nafasi hewa ipite. Banda lililozibwa kote linajaa harufu ya mkojo inayochoma macho, na mapafu ya bata yanaharibika. Walio na tembe za zamani zenye kuta nene za udongo wana banda bora kuliko la mabati, kwa sababu bati usiku linapoa haraka.

Kuhusu jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa, nawaomba mliache kabisa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inaua bata na inaua mtu aliyeingia kuwaangalia. Kwa bata wawili waliotengwa, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa pembeni yao inatosha hadi usiku wa manane, na manyoya na makapi yatafanya kazi iliyobaki. Wengine wanakata ncha ya mdomo kwa wembe, wengine wanapaka oili chafu ya gari mgongoni. Mdomo wa bata una mishipa ya fahamu, ndio anaotafutia chakula matopeni. Ukiukata umempa mateso na njaa. Oili inavunja manyoya yanayomkinga na baridi, na bata anailamba anapojisafisha. Anayewauzia ushauri huo hajawahi kufuga.

Nije kwenye maji, na hapa nataka mniangalie vizuri. Simama kando asubuhi moja utazame bata anavyokula. Anachota pumba mara mbili tatu, anakimbilia maji, anasukumia chakula kwa maji, anarudi. Chakula kikavu bila maji kinamkwama. Sasa kaya nyingi, kwa shida ya maji tuliyonayo, zina karai moja, nalo limewekwa kando ya chakula, na dume kubwa limesimama hapo. Mdogo aliyenyimwa maji amenyimwa na chakula pia. Pumba zimetapakaa mbele yake na hawezi kuzila. Analala na njaa, na bata mwenye njaa hana cha kumtia joto usiku.

Weka vyombo vya maji viwili au vitatu, mbalimbali, kiasi kwamba bata mmoja hawezi kuvilinda vyote. Dumu la lita tano lililokatwa ubavuni linafaa. Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo hadi puani, kwa sababu bata husafisha pua kwa maji, lakini mdogo asiweze kuingia mwili mzima. Weka mawe ndani kama chombo ni kipana. Walio na vifaranga waliototolewa na kuku waangalie zaidi: bata jike huwapaka wanawe mafuta ya manyoya yake, kuku hana mafuta hayo ya kutosha, hivyo kifaranga wa wiki za mwanzo akiingia majini analowa hadi kwenye ngozi. Jioni, wa mwezi mmoja na zaidi wakishashiba, toa chakula na maji vyote viwili, sakafu isilowe usiku.

Wapo wanaoonewa kwa sababu miguu yao ni dhaifu. Bata anahitaji vitamini iitwayo niasini karibu mara mbili ya kuku. Akilishwa pumba za mahindi peke yake miguu inapinda, anachechemea, na kundi linamgundua mara moja. Sisi wa Dodoma na Singida hatuna udhuru, mashudu ya alizeti yamejaa kwenye viwanda vyetu vidogo na yana niasini nyingi. Changanya sehemu moja kwa tano au sita za pumba, ongeza dagaa kidogo ukiweza. Nunua makavu, nusa kabla hujalipa. Hakuna ndege wa kufugwa anayedhurika haraka kwa sumukuvu kama kifaranga wa bata: mwaka 1960 maelfu walikufa katika Bonde la Ufa nchini Kenya kwa kulishwa karanga zenye ukungu. Nasi tuliona mwaka 2016 hapa Dodoma na Manyara mahindi yenye sumukuvu yalivyoua watu. Mahindi yaliyoota ukungu wengine huyasukumia mifugo kwa kuona ni hasara kuyatupa. Bata anayelishwa hayo anadumaa, na aliyedumaa ndiye anayepigwa.

Mwisho, hesabu madume. Dume mmoja anatosha majike wanne au watano. Dume mzima wa aina hii ana uzito karibu mara mbili ya jike, na yakiwa mengi yanawaparamia hata wadogo ambao hawajakomaa, yanawavunja mgongo. Wengi mnayashikilia madume ya ziada mkisubiri bei ya Krismasi. Hadi Desemba yatakuwa yamekula pumba zenu miezi mitano na kuua wadogo wawili watatu. Yauzeni sasa au yaleni.

Bata aliyepona arudishwe asubuhi, uani, penye nafasi, chakula kikiwa kimemwagwa sehemu tatu. Siku nne tano za kwanza usiku arudi nyuma ya wavu na mwenzake. Wavu uondolewe manyoya ya mgongo yakishafunika ngozi yote, na kwa waliotoka yai mwezi Mei hiyo ni Agosti. Nafasi yangu imeniishia na mada ya minyoo sikuigusa, nitaileta toleo lijalo. Leo jioni, kabla hujafunga mlango wa banda, ingia na tochi umtafute aliye kwenye kona.