Mlizamu na Birika

Maji yaangukayo kutoka mahali pa juu huitwa maporomoko. Kule Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mto mzima huanguka zaidi ya meta 200. Watu wengine hujenga maporomoko madogo uani, yamwagikayo katika kidimbwi, wapate kuyatazama. Lakini maji hayapandi yenyewe. Yakiisha kuanguka, sharti yapandishwe tena kwa pampu.

Kisiwani Jibondo, karibu na Mafia, hapana mto. Nchi yake ni mwamba wa matumbawe. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi katika matundu ya mwamba, na maji ya visima yana chumvi. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi watu wake walivuka bahari kwa mashua kwenda kuteka maji. Upepo ulipovuma kwa nguvu, chombo hakikuondoka. Lakini kiu haingoji.

Walakini kila masika, tangu Machi hata Mei, maporomoko hushuka Jibondo pasipo pampu, nayo ni maji ya mvua yatokayo mapaani. Tufanye hesabu. Mvua ya milimeta 1 juu ya meta mraba 1 ni lita 1. Nyumba iliyofunika meta 6 kwa meta 5 ina paa la meta mraba 30. Mvua ya milimeta 20 italeta lita 600, yaani madebe 30 ya lita 20. Maji hayo yakimwagika chini, yamepotea.

Basi, yakingwe hivi. Chini ya ukingo wa paa la bati hutiwa mfereji ulioinama kidogo, na mwisho wake mlizamu wa kuyaongoza maji birikani. Mvua ya kwanza iachwe imwagike kando, kwa kuwa huosha vumbi na mavi ya ndege. Mdomo wa birika ufunikwe kwa wavu mwembamba, mbu wasizae humo. Na birika lenyewe liwe na kifuniko, kwa maana jua huotesha ukungu wa kijani majini. Bomba la kutekea liwe juu kidogo ya sakafu, ili taka zibaki chini. Karibu na ukingo wa juu pawe na tundu la kutolea maji yaliyozidi, lililozibwa kwa wavu vilevile.

Zamani mabirika ya pwani yalijengwa kwa mawe na chokaa ya matumbawe. Siku hizi saruji yatosha. Matumbawe hai yasing'olewe, kwani ni makao ya samaki, na tangu 1995 bahari ya Jibondo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia.

Ajengaye birika wakati wa kiangazi hunywa maji yake. Angojaye mawingu huyatazama yakipita.

Maswali
1. Kwa nini mvua ya kwanza haikingwi?
2. Paa la meta 8 kwa meta 5 litatoa madebe mangapi kwa mvua ya milimeta 10?
3. Pima nyumba yenu, ufanye hesabu yake.