Somo la Ufundi: Bodi ya Majaribio Iwe Kubwa Kiasi Gani?

Ndugu wanavikundi, baadhi yenu mmeanza kutengeneza vifaa vidogo vya umeme wa betri, kama taa inayojiwasha giza likiingia, au king'ora kinacholia joto likishuka kwenye nyumba ya vifaranga. Ni kazi nzuri. Shida ni kwamba pesa za kikundi hupotea dukani kabla kazi haijaanza, kwa sababu bodi inanunuliwa kwa macho. Tuongee juu ya hilo.

Bodi ya kuanzia ni ile ya plastiki yenye matundu, ambayo mafundi huiita bredibodi. Unachomeka vifaa bila kulehemu, ukikosea, unachomoa. Kutoka tundu hadi tundu ni milimita 2.54, sawasawa na nafasi ya miguu ya chipu za kuchomeka. Ndani, kila matundu matano ya safu moja yameshikanishwa na chuma. Katikati kuna mtaro, na chipu lazima ikae juu ya mtaro huo, miguu huku na huku. Ukiiweka yote upande mmoja, miguu inayotazamana itaunganishwa na hakuna kitakachofanya kazi.

Saizi za kawaida ni tatu: matundu 170, 400 na 830. Tuchukue kile king'ora cha vifaranga. Chipu ya miguu 8 inakula safu 4. Kirekebishi cha kupanga joto kinakula 3, transista 3, king'ora chenyewe 2. Hiyo ndogo ya matundu 170 ina safu 17 tu, tena haina njia ndefu za umeme pembeni, kwa hiyo utatoa safu 2 zaidi za chanya na hasi. Jumla 14. Zimebaki 3, na bado taa, rezista na kile kipima joto! Inawezekana kubana upande wa pili, lakini nyaya zitapitana mpaka anayejifunza asijue ipi inaenda wapi. Kwa kikundi, ile ya 400 yenye safu 30 na njia za umeme pembeni ndiyo tunayoipendelea.

Je, kwa nini tusinunue kubwa kabisa? Tulijaribu. Tulipoteza mchana mzima na ile ya 830, tukasema chipu imekufa, tukanunua nyingine. Kumbe njia za umeme za pembeni zilikuwa zimekatwa katikati, kama zilivyo kwenye bodi nyingi za saizi hiyo, na nusu ya vifaa vyetu havikupata umeme hata kidogo. Dawa yake ni kipande cha waya cha kuunganisha, lakini pima kwanza kwa mita.

Neno moja la usalama. Vile vyuma vya ndani ni vyembamba, usipitishe zaidi ya ampea 1. Na stima ya nyumbani ya volti 240 isiguse bredibodi kamwe, hata kwa majaribio ya dakika moja.

Mambo yakikubali, ndipo mhamie bodi ya kulehemu yenye mistari ya shaba. Hapa mpangilio ndio kazi yenyewe. Chukueni daftari la hesabu lenye miraba, kila mraba uwe tundu moja, mchore kila kifaa. Mstari wa shaba unapita bodi nzima, kwa hiyo chini ya chipu lazima mikatwe kati ya miguu ya upande huu na ule. Ncha ya keekee ikizungushwa kwa mkono yatosha. Angalieni hapa, maana wengi huangukia hapa: vifaa viko juu, shaba iko chini. Ukigeuza bodi, kushoto kunakuwa kulia. Wekeni alama ya rangi kwenye pembe moja, juu na chini, kabla ya kukata chochote.

Betri iingilie upande mmoja, king'ora kitokee upande mwingine. Acheni safu mbili tatu wazi, na nafasi ya skrubu pembeni. Halafu pimeni kasha kabla ya kukata bodi.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete mchoro wake kwenye miraba na hesabu ya safu. Mtunza hazina asitoe pesa ya bodi kabla ya kuuona.