Dondoo muhimu: Bao na kete zake
Kwa jua la Bendera, huku tambarare chini ya milima ya Upare, ili bao zuri lidumu, fanya hivi:

1. Nunua lililochongwa kwa mti mkavu. Mti mbichi hupasuka.
2. Hesabu mashimo: 32, safu nne za manane. Nyumba, yaani shimo maalumu la kila mchezaji, iwe ya mraba, ionekane mara moja.
3. Ingiza vidole shimoni kabla ya kulipa. Wengi huvutiwa na nakshi za pembeni, kumbe shimo ni jembamba na kete hazitoki kwa mkupuo mmoja. Ukingo mkali upigwe msasa.
4. Tafuta mbegu za komwe 64 za ukubwa mmoja ziwe kete; kokoto huchubua mbao.
5. Usipake rangi ndani ya mashimo.
6. Usiliache juani mchezo ukiisha.
7. Weka komwe za akiba.