Kamio mpya imekufa ndani ya garanti: namna ya kusimama mbele ya muuzaji

Somo la mwezi huu ni kwa koperative zilizokwisha kununua kamio mpya ya mazutu, na zaidi kwa zile ambazo bado zinahesabu pesa ili zinunue. Tunataka kusema juu ya siku ile mbaya: motere inaharibika, garanti haijaisha, na muuzaji anasema kosa si lake.

Tuchukue mfano. Koperative ya kahawa katika teritware ya Lubero imenunua kamio ya tani 10, nusu kwa pesa za wanachama, nusu kwa deni la banki. Garanti ni miezi 12 ao kilometa 50 000, ile itakayotimia mbele. Kwa kilometa 6 200, katikati ya mavuno, motere inaanza kukosa nguvu kwenye mlima. Inatoa moshi mweupe, inazimika, inakataa kuwaka tena. Nyuma kuna magunia 100 ya kahawa. Shofere anamupigia prezida simu, na wakati huohuo fundi wa pale karibu amekwisha kufika na funguo zake. Anasema: "Papa prezida, ni enjekteri tu. Munipe saa mbili nizitoe nione."

Prezida akijibu "ndiyo, fungua", garanti inaweza kuwa imekufa kabla ya jua kuzama. Karibu kila karatasi ya garanti inasema kama mtu asiyetumwa na muuzaji amefungua motere, muuzaji halipi kitu. Huyo fundi anaweza kuwa mjuzi kuliko wale wa mjini, na pengine amesema kweli. Lakini alama za funguo kwenye bulo zitaonekana, na nani tena atajua kama enjekteri ilikuwa mbaya mbele ya kuguswa ao kiisha kuguswa?

Basi shofere afanye nini? Angoje motere ipoe, kiisha apime mafuta ya motere na maji, bila kuongeza kitu mbele ya kupiga picha. Apige picha ya konteri, ya taa zilizowaka mbele yake, ya numero ya shasi. Kama moshi bado unatoka, auchukue kwa video, maana rangi ya moshi inasema mengi. Moshi mweusi mara nyingi ni mazutu mengi na hewa kidogo: filtre ya hewa imeziba, ao turbo imechoka. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere yanaungua. Moshi mweupe ni mazutu yasiyoungua vizuri, ao maji yameingia mahali pasipo pao. Na mafuta ya motere yakigeuka kuwa kama maziwa, maji yamekwisha kuchanganyika nayo. Hapo hakuna kujaribu kuwasha tena, hata mara moja.

Na kahawa? Kahawa ipakiwe katika gari lingine la kukodi, na risiti zitunzwe. Tunajua inauma kulipa gari la mtu wakati lenu jipya limesimama kandokando ya barabara. Lakini bei ya kukodi ni ndogo mbele ya bei ya motere, na risiti hizo mutazitumia wakati wa kuongea na muuzaji.

Sasa tuje kwenye neno ambalo muuzaji atasema, na atalisema hata kabla ya kuona kamio: "Papa, hiyo ni mazutu mubaya ya barabarani."

Musimukasirikie haraka. Mara nyingi ni kweli. Motere za mazutu za siku hizi si kama zile za kamio za wazee wetu, ambazo zilikunywa kila kitu. Pine ya kamio inabeba presha ya bar 7 ao 8 hivi. Ndani ya bomba la enjekteri za motere mpya, presha inapita bar 1 000, na katika motere nyingi inafika 1 600 na zaidi. Kwa presha kama hiyo, maji kidogo ao vumbi laini linakwangua chuma ndani ya enjekteri na pompi. Na sisi tunanunua mazutu katika bido zilizopita mikono mingapi? Bido ilibebea mafuta ya mawese, ikaoshwa na maji, haikukauka, ikatiwa mazutu. Kamio haiwezi kujua kwamba muuza bido ni ndugu wa shofere.

Kwa hiyo hoja ya muuzaji inajibiwa kwa ushahidi uliotunzwa tangu mwezi wa kwanza. Mahali pa kwanza ni kaye ya kamio. Kila mara shofere anapotia mazutu, aandike tarehe, kilometa, litre ngapi, wapi, na abandike risiti. Kila mara filtre inapobadilishwa, vilevile. Kamio nyingi ziko na filtre yenye kutenga maji, na chini yake kuna robine ndogo. Ikifunguliwa kidogo, maji yanatoka kwanza. Katika barabara zetu, tunashauri kufanya hivyo kila asubuhi mbele ya kuwasha, na kuandika "maji: hapana" ao "maji: kidogo". Ni kazi ya dakika tano. Shofere atanung'unika juma la kwanza, kiisha atazoea.

Mazutu ya bido, kama hakuna namna nyingine, yalale usiku mmoja katika chombo safi. Maji ni mazito kuliko mazutu, yatashuka chini; asubuhi mutamimina ya juu na kuacha ya chini. Kabla ya kulipa, tia kidogo katika chupa nyeupe ya kioo, uitazame kwenye mwangaza. Mazutu safi yanaonekana wazi mpaka upande wa pili. Yakiwa na ukungu, yana maji.

Siku ya kuharibika, mazutu yenyewe ndiyo shahidi. Yachukuliwe mbele ya mjumbe wa muuzaji, kutoka chini ya rezervware na kutoka filtre, katika chupa tatu safi. Kila chupa ifungwe, iandikwe tarehe, na pande zote mbili zitie sahihi. Moja kwa muuzaji, moja kwenu, ya tatu itunzwe kama kutakuwa na ubishi. OCC iko na laboratware. Muulize ofisi iliyo karibu kama wanaweza kupima, na bei gani. Muuzaji akikataa chupa zichukuliwe, andikeni kwamba amekataa, saa ngapi, mbele ya nani.

Kuandika ndiko kunakotushinda. Tunapenda kupiga simu, tunaambiwa "msijali, fundi anakuja kesho kutwa", na juma tatu zinapita. Simu haiachi alama. Siku ileile ao kesho yake, barua iende. Tunashauri iandikwe kwa kifaransa, maana ni lugha ya fakture na ya tribinali, lakini maneno yenyewe yanaweza kuwa hivi:

"Bwana Direkta, tarehe … tulinunua kwenu kamio yenye numero ya shasi …, fakture numero … . Tarehe …, kwa kilometa 6 200, motere ilipoteza nguvu, ikatoa moshi mweupe, ikazimika mahali panaitwa … . Hakuna mtu aliyeifungua. Tunaomba fundi wenu aiangalie mbele ya wajumbe wetu wawili, kabla ya tarehe … , na mutujibu kwa maandishi. Kila siku kamio inasimama, tunakodi gari lingine na tunatunza risiti."

Angalieni kile ambacho hakimo. Hakuna matusi. Hakuna "enjekteri zenu ni mbaya", maana hamujajua bado. Hakuna pia "pengine shofere alitia mazutu ya bido", neno ambalo mutu mwema anaweza kuandika kwa heshima, na muuzaji atalisoma kama kukubali kosa. Barua ipelekwe kwa mkono, nakala moja irudi na kashe na tarehe ya kupokelewa. Picha ya barua itumwe pia kwa WhatsApp, lakini WhatsApp peke yake haitoshi.

Juu ya muda: tangu tarehe 12/9/2012 inchi yetu iko ndani ya OHADA. Sheria yake ya biashara inasema kasoro yenye kuonekana siku ya kupokea kitu itangazwe kwa muuzaji ndani ya mwezi mmoja, na ile yenye kujificha, ndani ya mwaka mmoja tangu ilipoonekana ao ilipopaswa kuonekana. Sheria hiyo ni ya uuzaji kati ya wafanyabiashara, na avoka wa muuzaji anaweza kubisha kama koperative yenu inaingia humo ao hapana. Kuna pia sheria ya zamani ya 1888 juu ya mapatano, nayo inamubana muuzaji juu ya kasoro zilizojificha, na inaomba mnunuzi asikawie. Musingoje kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Mwenye kuandika siku ya pili hana shida na moja wala nyingine.

Kwenye garaji ya muuzaji, muende watu wawili: mmoja wa kuongea, mmoja wa kuandika. Koperative inapotuma wanachama kumi wenye hasira, muuzaji anangoja wabishane wenyewe. Kama munajua fundi mwaminifu, mulipe siku yake aje kutazama tu. Hapa ndipo ujuzi wa yule fundi wa barabarani una faida. Muombe mambo mawili. La kwanza, motere ifunguliwe mukiwa pale. La pili, kabla hawajafuta kitu, wachomeke ordinatere yao kwenye kamio na wawape karatasi ya makosa yaliyoandikwa humo. Motere mpya nyingi zinaandika zenyewe kosa gani lilitokea na kwa kilometa ngapi, na nyingine zinaandika pia kama ilipata moto kupita kiasi. Karatasi hiyo inaweza kuwasaidia, na inaweza pia kuonyesha kwamba shofere aliona taa nyekundu akaendelea kilometa 15. Ni vizuri kujua hilo mapema kuliko kulipa avoka kwa kesi iliyokufa.

Kuhusu shofere: asifukuzwe kabla ya matokeo. Tunaona mara nyingi komite inamutupia lawama ili wanachama watulie. Lakini barua ya kumufukuza ikifika mikononi mwa muuzaji, ndiyo hoja yake bora: "Nyinyi wenyewe mulisema kosa ni la shofere wenu." Na mutu ambaye pengine hana kosa anapoteza mkate wa watoto wake.

Mara nyingi muuzaji hatakubali yote wala kukataa yote. Atasema: "Sisi tunatoa enjekteri, nyinyi mulipe kazi." Kwa maoni yetu, kama ushahidi wenu una matundu, kaye haikuandikwa miezi miwili kwa mfano, hilo si toleo baya katikati ya mavuno. Ila soma karatasi wanayokupa. Ikisema "mnunuzi anakubali kwamba mazutu yalikuwa mabaya", msitie sahihi. Muombe iandikwe tu nani analipa nini. Mkutano wa wanachama uambiwe hesabu yote, na ya kukodi gari ndani yake, kabla ya sahihi wala si kiisha.

Kwa wale ambao bado hawajanunua: fakture iwe kwa jina la koperative, si la prezida wala la ndugu yake mwenye kufahamika mjini. Muulize garanti inafanyiwa kazi wapi. Garanti ya nyumba ya Kampala ao Dubai, ambayo haina garaji upande wetu, inaomba muvuke mpaka na kamio inayokokotwa. Muulize pia kama motere hiyo inakubali mazutu yanayouzwa kwetu, na jibu liandikwe kwenye fakture. Muuzaji anayekataa kuliandika amekwisha kuwajibu.

Na kamio ikitoka garaji, kabla ya kuipakia, muombe karatasi yenye kuonyesha vitu vilivyobadilishwa, numero zake, kilometa za siku hiyo, na garanti ya kazi yenyewe ni ya muda gani. Enjekteri za zamani mzidai, hata kama ni kwa kuziangalia tu, na mzipige picha. Kiisha kaye ifunguliwe ukurasa mpya.