Mwongozo wa Kumwokoa Aliyepata Sumu ya Viuatilifu

1. Wahusika
Mwongozo huu ni wa wauzaji wa pembejeo, vibarua wa kunyunyizia dawa na wasimamizi wao, kuanzia Buzebazeba hadi mashamba ya bonde la Mto Luiche. Unahusu viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, kama klopairifosi na profenofosi. Sumu hii humezwa, huvutwa kwa pumzi na hupenya kwenye ngozi.

2. Dalili
Mgonjwa hutokwa jasho, mate na machozi, hutapika na kuharisha. Mboni za macho hunywea zikawa kama tundu la sindano, na misuli hucheza. Kinachoua hasa ni kukosa pumzi: mapafu hujaa majimaji na misuli ya kupumulia hulegea. Kibarua anayelalamikia kichwa au kuona ukungu avue bomba mgongoni na aache kazi papo hapo.

3. Hatua za kuchukua
a) Vaa glavu, kisha mwondoe mgonjwa penye dawa. Usafiri utafutwe wakati huohuo. Asiyepumua vizuri akimbizwe hospitali bila kungoja.
b) Mvue nguo zote, pamoja na mkanda na viatu vya ngozi, maana ngozi hufyonza dawa. Mwoshe kwa sabuni na maji mengi, usisahau nywele na kucha. Macho yaliyoingiwa na dawa yasafishwe kwa maji safi dakika 15.
c) Mlaze kwa ubavu wa kushoto.
d) Asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa, mayai mabichi au mawese. Aliyelegea hupaliwa, na kinywaji kikaishia mapafuni.
e) Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, au kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na chombo cha dawa chenye lebo. Kwa sababu hiyo, muuzaji haruhusiwi kupima dawa kwenye chupa za maji au soda: chupa hiyo haimwambii daktari jina la sumu, na mtoto huidhania kinywaji.

4. Utafiti unaonesha nini
Dawa kuu ya hospitali ni atropini. Utafiti wa Bangladesh uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha njia mbili za kuitoa. Dozi ilipoongezwa maradufu kila baada ya dakika chache mpaka mapafu yakakauka, kisha ikaendelea kwa dripu, vifo vilikuwa asilimia 8; kwa njia ya zamani vilikuwa asilimia 22.5. Kazi hiyo huhitaji mhudumu anayempima mgonjwa kila mara, hivyo atropini isitafutwe dukani na kudungwa nyumbani. Mkaa maalumu wa hospitali uliotolewa kwa dozi za kurudiarudia haukupunguza vifo kati ya wagonjwa 4,632 wa Sri Lanka waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008. Mkaa wa jikoni usitegemewe kabisa.

Misuli ya kupumulia huweza kulegea upya kati ya siku ya kwanza na ya nne, hata kwa aliyekwisha kuzungumza na kula. Ndugu wasiombe ruhusa ya kumtoa wodini mapema.

5. Kumbukumbu
Mwaka 2016 watafiti Elikana Lekei, Vera Ngowi na Leslie London walionesha kuwa matukio mengi ya sumu hizi Tanzania hayaripotiwi. Msimamizi aandike tarehe, jina la dawa, kazi iliyokuwa ikifanyika na dalili za kila aliyeugua, hata aliyepona bila kulazwa, na taarifa hiyo ifikishwe kwa ofisa afya wa kata.