Tazama Ukingo Kwanza: Kuchagua Chujio la Matunda kwa Afya ya Kaya

Katika kaya nyingi za kijiji cha Ruanda na vijiji vingine vya wilaya ya Mbozi, chujio ni chombo kinachonunuliwa bila maswali. Sufuria hugongwa kwa kidole kusikiliza unene wake, ndoo hutiwa maji kuona kama inavuja, lakini chujio huokotwa kwenye rundo, likalipiwa na kutumbukizwa kwenye mfuko. Msimu mmoja wa maembe au pasheni ukipita, wavu umeachana na ukingo, mpini unacheza, na nyaya zimeanza kuchomoza. Kwa kawaida hilo huhesabiwa kuwa hasara ya fedha tu. Kijitabu hiki kina hoja nyingine: mahali chujio linapovunjikia ndipo hapo hapo linapoficha uchafu tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo anayetafuta chujio la kudumu na anayetafuta chujio salama wanatafuta kitu kimoja, na wote wawili wanapaswa kuanza kwa kuutazama ukingo.

Wavu wa chujio mara chache huchakaa katikati. Huchakaa pale unaposhikwa. Kwenye machujio ya bei ya chini, ncha za wavu hufichwa ndani ya mkanda mwembamba wa bati uliokunjwa, au hubanwa ndani ya plastiki. Ndani ya mkunjo huo kuna upenyo ambao sifongo haifikii. Nyuzi za embe, vipande vya mapera na sukari huingia humo na kubaki, bakteria hujishikiza na kujijengea utando unaonata, na maji ya sabuni yanapita juu yake bila kuung'oa. Tindikali ya tunda nayo haikai bure. Pasheni, ukwaju na ndimu ni vikali sana. Vikilala kwenye bati la kawaida usiku kucha huanza kulila, kutu inatokea na kuvimba, mkunjo unafunguka, na siku moja mwiko ukikandamiza kidogo wavu unachomoka. Mwenye nyumba husema chujio limeharibika leo, kumbe lilianza kuharibika wiki lilipoanza kutooshwa vizuri, na halikuoshwa vizuri kwa sababu halikutengenezwa lioshwe.

Basi dukani, iwe Vwawa, Tunduma au kwa mchuuzi anayepita na bidhaa mabegani, anza kwa kupitisha ukucha kuzunguka ukingo mzima. Ukucha ukinasa kwenye mwanya, uchafu nao utanasa. Ukingo mzuri umechomelewa kwenye wavu au umebanwa kwa waya mnene bila kuacha mfuko. Kandamiza katikati kwa kidole gumba: wavu unyumbuke kidogo na kurudi, usibonyee na kubaki hivyo. Shika mpini na utikise. Angalia pia kama upande wa pili kuna masikio ya kuegemea kwenye sufuria, maana chujio lisilo na masikio hubebwa na mpini peke yake, na uzito wote wa matunda unaangukia kwenye kiungio kimoja. Liinue kwenye mwanga uone kama matundu yanalingana. Palipo na matundu yaliyopanuka, nyaya zimeshaanza kuteleza kabla hujalipa.

Kuhusu chuma chenyewe, wauzaji wengi watakuambia ni stenlesi, na wanunuzi wengine hubeba sumaku ili kumbaini mwongo. Sumaku si hakimu mzuri. Ipo stenlesi halisi inayovutwa na sumaku, na hata ile isiyovutwa huweza kuvutwa kidogo baada ya kunyooshwa kuwa waya. Kinachozuia kutu ni kromi, ambayo haipungui asilimia 10.5 katika chuma cha aina hii, na katika vyombo vingi vya jikoni hufika 18, ikifuatana na nikeli asilimia 8 hivi. Njia ya nyumbani ni rahisi zaidi: funga chujio jipya kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi na ndimu, liache hadi asubuhi. Likitoa madoa ya kahawia, lirudishe, na ndiyo maana inafaa kupatana na muuzaji mapema. Chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa kinaweza kuushinda mtihani huo mara ya kwanza, kwa hiyo urudie baada ya mwezi wa matumizi.

Wapo wanaojitengenezea chujio kwa wavu wa dirishani na fremu ya mbao. Kwa kupepeta unga, sina ugomvi nalo. Kwa matunda, halifai. Wavu huo mara nyingi umepakwa zinki, na zinki huyeyuka kwenye vinywaji vyenye tindikali. Watu wamewahi kupata kichefuchefu na kutapika baada ya kunywa juisi iliyokaa kwenye vyombo vya mabati ya zinki. Chujio lililoungwa kwa risasi lina hatari kubwa zaidi, kwa sababu risasi hujilimbikiza mwilini na huathiri ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Plastiki inatetewa kwa kuwa haishiki kutu, na ni kweli haishiki. Lakini hukwaruzika, kila mkwaruzo ukawa maskani ya bakteria, na nyingi hujikunja zikichemshwa. Ukiwa na uwezo wa plastiki tu, chagua iliyotengenezwa kipande kimoja, uitupe ikianza kubadilika rangi.

Kosa jingine ni kudhani kwamba matundu yakiwa madogo zaidi ndivyo juisi inavyokuwa safi zaidi. Wavu wa chai una nyaya nyembamba mno. Ukiujaza rojo la embe unaziba, mtu anaongeza nguvu, wavu unapasuka. Mbegu ya pasheni ni ya milimita kadhaa, inazuiwa vizuri na tundu la milimita moja hadi mbili, na wavu wa matundu hayo husukwa kwa waya mnene unaostahimili mwiko. Mwiko uwe wa mbao, ukizungushwa badala ya kukandamizwa. Na pasheni isisagwe kwa blenda kabla ya kuchujwa, kwani mbegu zikivunjika hakuna chujio la kaya litakalozuia vumbi lake.

Hapa kuna wanaouliza: kawaya kamoja kakiingia kwenye juisi kana madhara gani? Nchini Marekani, brashi za waya za kusafishia majiko ya kuchomea nyama zilisababisha majeruhi wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 1,600 kufika vyumba vya dharura kati ya mwaka 2002 na 2014, wengi wakiwa wamechomwa mdomoni au kooni na waya uliobaki kwenye chakula. Waya wa chujio si tofauti sana. Siku unapoona ncha moja imechomoza, kazi ya chujio hilo jikoni imekwisha.

Wengine hutegemea ukali wa tunda lenyewe kuua vijidudu. Hoja hii ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kimelea cha kipindupindu hakistahimili tindikali kali. Hata hivyo juisi ya nyumbani huongezwa maji na kupoteza ukali, na si kila kijidudu ni dhaifu hivyo: mwaka 1996 juisi ya tufaa isiyochemshwa iliwafanya watu wengi waugue magharibi mwa Marekani, mtoto mmoja akafa, kwa sababu ya aina ya E. koli iliyovumilia tindikali ile. Wapo pia wanaosema khanga ya zamani inatosha kuwa chujio. Wanasayansi wakiongozwa na Rita Colwell walionyesha mwaka 2003 kwamba vijijini Bangladesh kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kilichokunjwa mara nne au zaidi kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Lakini kitambaa kile hakikukamata bakteria. Kilikamata viumbe vidogo vya mabwawani ambavyo bakteria wamejishikiza navyo, na viumbe hao hawamo kwenye jagi la pasheni. Kitambaa kilichochuja tunda hubaki na sukari, na katika baridi ya nyanda za Mbozi huchelewa kukauka. Kikitumika, kichemshwe kila mara.

Hata chujio bora kabisa halisafishi maji. Bakteria ni mdogo mara mia kadhaa kuliko tundu la milimita moja. Tunduma iko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, nchi iliyopata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 20,000 na vifo zaidi ya 700 katika mlipuko ulioanza Oktoba 2023, na ugonjwa huo hauombi pasi mpakani. Maji ya kuongeza kwenye juisi yachemshwe mpaka yatokote kabisa. Kwa mwinuko wa Mbozi yatatokota kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na hizo zinatosha kuua vimelea.

Kipingamizi kikubwa kinabaki bei, na hakipuuziki. Lakini chujio la bei ya chini hununuliwa tena na tena, na jirani wawili wanaweza kuchangia moja zuri, mradi lioshwe kabla ya kuvuka uani. Lisuuzwe mara tu baada ya kazi, tunda lisikaukie. Waya wa kusugulia sufuria usiliguse, kwa kuwa huacha chembe za chuma zinazoshika kutu. Dawa ya klorini ikitumika iwe hafifu na ya dakika chache, kisha lisuuzwe, maana klorini ikikaa hutoboa hata stenlesi. Lianikwe juani kwenye kichanja, mdomo chini.

Liko swali ambalo huenda lingetangulia: je, kuna haja ya kuchuja? Mara nyingi hakuna. Kuchuja huondoa nyuzinyuzi na kuacha sukari, na Shirika la Afya Duniani, lilipopendekeza mwaka 2015 kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, lilihesabu ya juisi ndani yake, lakini si ya tunda zima. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 23, pendekezo lake la mwaka 2023 ni kuwekea juisi mipaka hata ikiwa ya tunda tupu. Chujio lina kazi nzuri zaidi kwa mtoto huyo: pitisha papai au pera lililoiva kwa mgongo wa kijiko, mbegu na maganda vibaki juu, rojo zito lenye nyuzi zake lidondoke chini, alishwe kwa kijiko. Parachichi la Mbozi halihitaji hata hilo, uma unatosha.