Pima mwendo wa manati yako kwa simu

Ukilenga kopo kwa manati ukalikosa, usikimbilie kulaumu jicho. Wanaoshindana kulenga shabaha kwa bunduki hupima mwendo wa risasi kwa kronografu, wajue kama zote zinatoka sawa. Mpiga manati wa Mwanza anaweza kufanya hivyo kwa simu yake.

1. Tengeneza gololi. Kokoto za miamba yetu hazifanani hata mbili, kwa hiyo finyanga za udongo. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka. Uchanganye na mchanga laini wa ufukweni. Zianike kivulini mpaka zikauke kabisa, kisha zipime kwa mizani ndogo kama ya sonara. Zenye uzito sawa ndizo za kupimia.

2. Andaa uwanja. Weka debe mita 10 kamili kutoka kwenye mkono unaoshika panda; ni kubwa, hutalikosa. Nyuma yake tundika gunia. Usipige ukielekea jabali, maana gololi hudunda ikakurudia. Vaa miwani ya kinga, na watoto wakae nyuma yako. Ndege waache na maisha yao.

3. Weka simu. Programu ya bure ya phyphox, iliyotoka chuo kikuu cha RWTH Aachen nchini Ujerumani, ina saa inayoanza kuhesabu ikisikia mlio wa kwanza na kusimama ikisikia wa pili. Simu ikae pembeni, hatua tatu nje ya mstari, pawe na umbali sawa kutoka kwako na kutoka kwenye debe. Hapo mlio wa mpira na mlio wa debe huchelewa sawasawa kuifikia, na hesabu haiharibiki. Pima asubuhi kumetulia. Upepo wa ziwani huivuruga saa ya simu.

4. Hesabu. Gawanya 10 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 0.30 ni mwendo wa mita 33 kwa sekunde, sekunde 0.35 ni mita 29 hivi. Unaweza kuona si kitu, lakini gololi ya kwanza hushuka kama sentimita 44 njiani, ya pili 60. Kwa sentimita hizo 16, kopo dogo umeshalikosa.

5. Rekebisha kimoja kimoja. Piga gololi tano, andika namba zote. Zikiachana sana, anza na mkono: vuta mpaka pale pale kila mara, tuseme kwenye pembe ya taya. Bado zinaachana? Kagua mipira ya tyubu: urefu na upana wa pande zote mbili, na nyufa za jua. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

Usihangaike na kasi kubwa. Gololi ya polepole isiyobadilika utaizoea, utajua uinue mkono kiasi gani. Namba tano zikishakaribiana, ondoa debe, rudisha kopo.